Miguu ya Mwenzangu Karibu na Wavu

Saa tisa na dakika ishirini alasiri, siku ya Jumapili, pikapu ya komanda ilisimama kando ya uwanja wetu wa tenisi na injini ikazimwa. Dakika hizo ninazo kwa sababu ndiyo kazi niliyolipwa kuifanya kabla ya vita. Nilikuwa karani wa stesheni ya Kindu, mwenye daftari la saa za treni. Vita vilipofika, treni ziliacha kuja, kisha mshahara ukaacha kuja, lakini saa ya mkono ilibaki kwangu na mazoea ya kuandika yakabaki. Niliandika mvua ilipoanza. Niliandika ndege ya mizigo ilipotua, na bunduki ziliposikika upande wa mtaa wa Mikelenge na zilipoacha. Siku ile niliandika kwamba komanda wa wanajeshi walioushika mji amefika uwanjani, na kwamba ameshuka peke yake.

Tulikuwa wawili, mimi na mwenzangu. Yeye alikuwa fundi wa breki katika karakana ya reli. Baba yake alitoka Kasai zamani kufuata kazi, akajenga Mikelenge, na huko mwenzangu alizaliwa. Tulisoma darasa moja. Mtoto wake wa kwanza mimi ndiye niliyemshika wakati wa ubatizo. Vita vilipokata njia, mke wake na watoto walikuwa wamekwenda Lubumbashi kwa wakwe, na hawakuweza kurudi. Kwa hiyo alikula kwetu. Mke wangu alikuwa akigawa ugali mafungu matano, la baba yangu na la mtoto wetu yakiwemo, na hakuna aliyewahi kusema kwamba fungu moja ni la mgeni.

Alichokiona komanda alasiri ile kilikuwa cha ajabu kidogo, nami nitakieleza kwa utaratibu.

Uwanja ulikuwa wa klabu ya wafanyakazi wa reli, udongo mwekundu ulioshindiliwa, uzio wa waya, wavu ulioshonwa na kushonwa tena. Mji ulipozingirwa, na wapiganaji wa msituni wakizuia chakula kisiingie, kila ardhi iliyo wazi ililimwa: kando ya reli, nyuma ya ofisi, hata katikati ya barabara zisizopitwa na magari. Mama mmoja, mjane wa dereva wa treni, mwenye watoto watano, alikuja kuomba nafasi katika uwanja wa tenisi. Kamati ya klabu wakati huo ilikuwa mimi na mwenzangu, maana wengine walikuwa wamekimbia. Tulimpa pande zote mbili, kuanzia kwenye uzio hadi kwenye mstari ulio katikati ya wavu na mwisho wa uwanja. Akavunja udongo ule kwa jembe, siku tisa, akapanda muhogo.

Sisi tulibakiwa na mita sita na sentimita arobaini kila upande wa wavu. Nilizipima. Nyuma ya visigino vyetu kulikuwa na muhogo.

Katika nafasi hiyo huwezi kungoja mpira udunde. Isitoshe, mipira yetu minne ilikuwa na upara, haikudunda ipasavyo. Ikabidi kuupiga mpira hewani, kabla haujagusa chini, pigo ambalo wenye tenisi huliita vole. Kwa miezi saba hatukucheza kitu kingine. Yeye upande ule, mimi upande huu, vole kwa vole, tukihesabu. Mara nyingi ilikuwa thelathini, arobaini. Siku moja ya kiangazi tulifika mia mbili na kumi na nne.

Mama mwenye shamba alitutungia sheria moja: atakayekanyaga mche atapalilia mstari. Aliketi pembeni akimenya karanga na kutuangalia kwa makini kuliko mwamuzi yeyote.

"Karani!" alinipigia kelele siku za mwanzo. "Mikono yako iko ya mutu ya ofisi, lakini miguu iko ya mbuzi! Toka mule!"

"Nimetoka, mama."

"Umetoka na majani. Palilia."

Nilipalilia mistari kumi na saba mwezi wa kwanza. Mwezi wa pili, miwili. Tofauti hiyo ndiyo elimu yangu yote ya vole, na hadi leo ninapofundisha sina nyingine.

Nilikuwa na kitabu, nisiseme sikuwa nacho. Kilikuwa cha Kifaransa, kimepoteza jalada, nilikikuta katika kabati la klabu chini ya nyavu za zamani. Kilikuwa na michoro ya nyayo na mishale. Kitabu kilisema usirudi nyuma kwenye vole, na kwa miaka nilikuwa nimesoma sentensi hiyo bila kuitii. Mtu akipigiwa mpira wa kasi kifuani, mwili unataka kurudi. Ukirudi, uzito wako unakwenda nyuma, raketi inafunguka, mpira unapanda juu na mpinzani anaumaliza. Yote hayo yameandikwa. Lakini aliyenifundisha kweli ni yule mama na mihogo yake, kwa sababu kurudi kulikuwa na gharama ya kuonekana, mche uliovunjika na mstari wa kupalilia.

Basi miguu ilitafuta njia nyingine. Njia hiyo ni mbele na kando kwa pamoja, mshazari. Mpira ukija kulia, mguu wa kushoto unavuka kwenda mbele kuelekea kulia. Ukija kushoto, wa kulia unavuka. Mguu unatua karibu wakati uleule raketi inapogusa mpira, wala si baadaye. Goti linakunjwa, na mpira ukiwa chini goti linakunjwa zaidi. Usiinamishe mgongo ukaacha miguu imenyooka kama nguzo. Raketi inashikwa kama nyundo, kichwa chake juu ya kiganja, na mpira unakutwa mbele ya mwili, mahali ambapo macho yanauona na raketi inauona.

Mkono ulikuwa tatizo langu kubwa. Niliurudisha nyuma mno, kama mtu anayefyeka majani. Mwenzangu ndiye aliyenitibu.

"Karani, vole njo freni," aliniambia, yaani vole ndiyo breki. "Freni haipigi gurudumu. Umekwisha kuona freni inarudi nyuma kwanza ili ipate nguvu?"

"Hapana."

"Inakuwa palepale. Inashika. Nguvu iko ya gurudumu. Weye shika tu, mguu utafanya kazi ingine."

Toka siku hiyo mkono wangu uliacha kufyeka. Ninalitaja hili kwa sababu sitaki ionekane kwamba mimi tu ndiye niliyetoa. Yeye alinipa mkono, na mimi nilimpa miguu.

Kasoro yake ilikuwa kusimama. Alikuwa na nguvu na jicho zuri, lakini alisubiri mpira akiwa ameshusha visigino vyote viwili, kama mtu anayengoja treni. Sasa, kabla ya ile hatua ya mshazari kuna kitu kidogo ambacho watazamaji hawakioni. Mpinzani anapokaribia kugusa mpira, wewe unaruka kidogo, kimo cha kidole, na unatua kwa nyayo za mbele, miguu imepanuka, magoti laini, wakati uleule mpira unapoondoka kwenye raketi yake. Ukitua hivyo unaweza kwenda popote. Usipofanya, utachelewa, hata ukiwa na nguvu za fahali. Sisi tuliita kuruka huko kituo, kwa lugha ya reli, kwa kuwa ni kusimama kufupi ambako hakumshushi abiria.

Nilimfundisha kituo kwa miezi miwili. Kila nilipopiga mpira nilisema kwa sauti, "Kituo!" naye akaruka. Baadaye nilisema kimoyomoyo, naye akaruka. Mwishoni sikusema kitu. Nilimwona siku moja kwenye foleni ya maji akiwa na ndoo mkononi. Mtoto mbele yake aliangusha bakuli, na miguu ya mwenzangu ikafanya kituo yenyewe. Watu walicheka. Yeye mwenyewe hakujua kwa nini wanacheka. Siku hiyo niliandika katika daftari kwamba amehitimu.

Hayo ndiyo komanda aliyoyakuta: watu wazima wawili, wembamba, wakiurusha mpira juu ya wavu katikati ya mihogo, na mwanamke akihesabu kwa sauti. Alitazama robo saa. Kisha akauliza, "Nani amewafundisha?"

"Kitabu, komanda," nikasema.

"Uongo!" mama akadakia. "Muhogo yangu njo imewafundisha."

Komanda alicheka sana. Alikuwa mtu wa elimu, alijifunza tenisi alipokuwa mwanafunzi, na raketi yake nzuri alizunguka nayo vitani. Akasema kwamba Jumapili inayofuata atakuwa na wageni kutoka Goma na anataka kuwaonyesha kwamba Kindu kuna maisha. Alitaka mchezo kamili, wawili kwa wawili, yeye na adjuda, msaidizi wake, dhidi yetu, seti moja.

"Uwanja haujakamilika, komanda," nikasema.

"Utakamilika."

"Na tukishinda?" mwenzangu akauliza. Sikutegemea aulize. Komanda hakuulizwa hivyo.

Komanda alimpima kwa macho. "Unapenda nini?"

Mwenzangu alinigeukia mimi, akanitazama, halafu akamjibu, "Kiti katika ndege. Baba yake karani ni mgonjwa."

Ilikuwa kweli. Baba yangu, mstaafu wa reli, alikuwa na ngiri iliyokuwa ikishuka na kurudi, na wiki zile ilikuwa imeanza kukataa kurudi. Hospitali yetu ilikuwa na daktari lakini haikuwa na dawa ya usingizi. Dada yangu alikuwa Goma, na Goma kulikuwa na upasuaji. Njia ya kufika huko ilikuwa moja, ndege za mizigo, na viti vyake viligawiwa na komanda au vilinunuliwa kwa wafanyabiashara kwa dola. Sisi dola hatukuwa nazo.

"Kiti kimoja," komanda akasema. "Ndege ya Alhamisi baada ya mchezo. Mukishinda."

Tulipokuwa tukirudi nyumbani nilimwambia mwenzangu asante. Nilimwambia pia kwamba najua yeye mwenyewe anakitamani kiti hicho, maana kutoka Goma angeweza kuitafuta njia ya kuwafikia mke na watoto. Akanipiga begani.

"Mzee anatangulia," akasema. "Mimi niko kijana. Nitangoja."

Siku ya Jumatano, saa mbili asubuhi, wanajeshi wanane walikuja na majembe wakang'oa mihogo. Ilikuwa na miezi saba, mizizi bado myembamba kama vidole. Walishindilia udongo kwa pipa lililojazwa maji, wakachora mistari kwa majivu. Mama alisimama nje ya uzio, watoto wake wakikusanya majani kwa ajili ya mboga ya sombe, kwa kuwa majani angalau yaliliwa. Mwenzangu hakuwepo. Alikuwa amesema ana shughuli katika mtaa wa Kasuku.

Mama alinijia.

"Karani, uliwaambia apana?"

"Hapana, mama. Sikuwaambia."

"Ulinyamaza."

"Nilinyamaza."

Alinitazama miguuni. "Basi leo weye njo umekanyaga yote," akasema, akaondoka. Nilijiambia kwamba ni kwa ajili ya mzee.

Jumapili wageni walikaa kwenye viti vya klabu chini ya turubai. Watu wa reli waliobaki walisimama kwenye uzio. Baba alitaka kuja, akashindwa kutembea. Mke wangu alimwachia maji, akaja yeye.

Tulicheza vizuri kuliko nilivyotegemea. Karibu na wavu hawakutuweza. Komanda alikuwa na mapigo marefu ya shule, mazuri kwa macho, lakini kila alichokileta katika kimo cha kifua tulikizuia na kukiweka mahali wasipokuwepo. Adjuda alikuwa jitu, alipiga kwa nguvu, na nguvu ndiyo chakula cha freni. Kisha wakagundua udhaifu wetu. Walianza kuirusha mipira juu ya vichwa vyetu, ile mipira ya lobu, ianguke nyuma.

Hapa kuna jambo ambalo nadhani halijampata mchezaji mwingine yeyote. Uwanja wa nyuma ulikuwa mtupu, umesawazishwa, una mistari. Tuliuona kwa macho. Lakini miguu ilikataa kwenda. Nilijiamuru nirudi, nikarudi hatua moja, na kisigino kikainuka chenyewe kama kimegusa mche. Mwenzangu hali kadhalika. Mipira ya wazee, mipira laini ambayo mtoto angeifuata, ilianguka nyuma yetu nasi tumeganda kwenye mstari wa mihogo isiyokuwepo. Watu waliokuwa kwenye uzio, ambao walijua, waliguna. Mama hakuguna.

Katika seti ile tulipoteza mipira kumi na mmoja ya namna hiyo. Hiyo nimeiandikia muhogo. Simdai mtu yeyote kwa mipira hiyo.

Hata hivyo tulikuwa mbele, gemu tano kwa nne, na zamu ya kuanzisha ilikuwa yangu. Tukafika arobaini kwa kumi na tano. Pointi moja ilitosha. Mwenye kuanzisha husimama nyuma kabisa, na mwenzake husimama mbele karibu na wavu, akimpa mgongo. Kwa hiyo mimi nilikuwa mtu pekee uwanjani ambaye miguu ya mwenzangu ilikuwa mbele ya macho yake wakati wote.

Nilianzisha. Komanda akarudisha mpira moja kwa moja kwa mwenzangu, kifuani, kasi ya wastani. Mpira wa namna hiyo tulikuwa tumeurudisha maelfu ya mara. Visigino vyake havikuinuka. Aliupiga kwa mkono mrefu, wa kufyeka, ukaingia wavuni.

Arobaini kwa thelathini. Niliita, "Kituo!" Hakugeuka.

Nilianzisha tena. Adjuda akaurudisha palepale, kwa mwenzangu, laini zaidi. Visigino chini. Wavuni.

Pointi ya tatu ilikuwa lobu, halali yao. Ya nne ilikwenda tena kwa mwenzangu, na safari hii sikuuangalia mpira kabisa. Niliangalia miguu. Ilikuwa imetulia ardhini, sambamba, viatu vyake vya turubai vilivyotoboka vidoleni, na haikutikisika mpaka mpira ulipokwisha kumpita.

Tulipoteza gemu hilo, na mawili yaliyofuata. Saba kwa tano. Wageni walipiga makofi. Komanda alitushika mikono kwa heshima.

"Miguu yangu imekufa, karani," mwenzangu akaniambia. "Njaa."

Nilimwamini. Sote tulikuwa na njaa, na mtu mwenye njaa husahau alichojifunza mwisho. Jioni ile alikuja kwetu, akaketi kitandani kwa baba, akamshika mkono. "Mzee, utusamehe," akasema. Baba akamjibu kwamba mchezo ni mchezo, na kwamba hata yeye alipokuwa kijana alishindwa mara nyingi mbele ya wageni. Mke wangu akagawa ugali. Mafungu matano.

Alhamisi ndege iliondoka saa nne kasoro dakika ishirini. Niliandika kwa mazoea, nikiusikia mlio wake ukipita juu ya mto Lualaba. Adhuhuri mama wa mihogo alikuja mlangoni. Alikuwa akiuza karanga kwenye njia ya uwanja wa ndege. Tangu Jumatano ile hakuwa amenisemesha.

"Mwenzako amepanda," akasema. "Na sanduku yake ya vyuma."

"Amepanda nini?"

"Ndege, karani. Miye nilifikiri mzee njo atakuwa nyuma yake. Nikangoja. Nikaona wamefunga mlango."

Nilikwenda kwa adjuda. Hakuficha, kwake kilikuwa kichekesho. "Mwenzako iko na akili," akaniambia. "Alikuja mwenyewe, Jumatano asubuhi. Akasema komanda asiogope wageni, mchezo utakuwa mutamu na utaisha vizuri. Akaomba ile kiti."

Alikuja mwenyewe. Niliirudia sentensi hiyo njia nzima. Kama wangemtisha, ningeelewa. Kama wangemwita wakampa, ningejaribu kuelewa. Lakini alikwenda kwa miguu yake, saa ileile mihogo iking'olewa na mimi nikisimama nimenyamaza kwa ajili ya mzee. Halafu, baada ya mchezo, akala kwetu siku nne.

Nyumbani nilimwambia mke wangu. Hakulia wala kutukana. Aliitazama cherehani yake iliyokuwa kwenye kona, mashine ya mkono aliyopewa na mama yake, ambayo ilitulisha tangu mshahara ulipokatika.

"Uza," akasema.

"Tutakula nini?"

"Uza, baba. Maneno mengine kesho."

Tukauza cherehani, na haikutosha. Nikapanda juu ya paa nikang'oa mabati ya vyumba viwili, tukaezeka kwa majani. Wiki tatu baada ya mchezo, baba aliondoka na ndege ya wafanyabiashara, amelala juu ya magunia. Dada aliandika baadaye kwamba daktari alilazimika kukata kipande cha utumbo kilichokwisha kuharibika, na kwamba alisema mgonjwa angeletwa mapema ingekuwa kazi ya saa moja. Baba aliishi miaka minne huko Goma, akila uji na vitu laini. Njia zilifunguliwa mwezi mmoja baada ya kuzikwa. Sikumwona tena.

Sasa uwanja wetu una sakafu ya saruji. Tuliujenga kwa michango, kidogo kidogo, na mimi nimezeeka kiasi cha kuitwa moniteri, yaani mkufunzi. Kila Jumamosi asubuhi nafundisha: makarani, walimu, wauguzi, mabinti wawili wa chuo ambao wana miguu mizuri kuliko wote. Nawafundisha mguu wa mshazari na freni. Kituo nakifundisha kwanza, na nakifundisha kwa ukali ambao hawaelewi unakotoka. Wanapouliza kwa nini nawapanga mbele ya mstari na kuwakataza kurudi, nawaambia tu kwamba nyuma kuna muhogo. Wanadhani ni utani.

Mwaka huu, Jumamosi moja ya kiangazi, mwenzangu alishuka kwenye pikipiki ya abiria mbele ya uzio. Alikuwa amekuja kutoka Lubumbashi kuiangalia nyumba ya marehemu baba yake. Tumbo limekuwa kubwa, nywele zimeisha, na goti moja amelifunga kitambaa. Mkononi alikuwa na raketi mpya. Nilimtambua kabla hajasema.

"Karani! Bado unapiga watu kelele?"

"Bado," nikasema.

Alinikumbatia. Sikumsukuma. Wanafunzi wangu walikusanyika, na yeye, mtu wa maneno matamu siku zote, akaanza kuwasimulia: jinsi tulivyocheza katikati ya mihogo, mia mbili na kumi na nne bila kuangusha, na jinsi tulivyocheza na komanda. "Tulikuwa tunashinda," akawaambia. "Njaa njo ilituangusha. Muguu ilikufa kabisa. Si njo vile, karani?"

Walinitazama wote. Nikasema, "Chukua raketi. Tucheze vole, kama zamani."

Tulisimama mita sita kila upande. Niliupiga mpira wa kwanza polepole, kwa heshima ya goti lake. Na sikuangalia mpira. Mpira naujua unakokwenda.

Kilo zote zile, miaka yote ile, goti lile lililofungwa: kila nilipogusa mpira, miguu yake iliinuka kimo cha kidole na kutua. Kulia, mguu wa kushoto ulivuka. Kushoto, wa kulia. Alikuwa akihema, akicheka, akiwatania wanafunzi, na miguu ilikuwa ikifanya kazi yake bila kumuuliza. Ishirini. Arobaini. Hakukosa kituo hata kimoja. Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo kwa miaka nilikuwa nimeliacha wazi kidogo, kwa huruma. Miguu ya namna ile haisahau kwa njaa. Ili isimame lazima mwenyewe aizuie, kwa nguvu, pointi baada ya pointi, huku akinisikia nyuma yake nikimwita.

Kwenye mpira wa sitini na moja aliacha kucheka. Akauacha udunde.

"Unaangalia nini?" akauliza.

"Miguu yako."

Wanafunzi niliwatuma wakafanye mazoezi ukutani. Yeye alikuja kwenye wavu, akaushika kwa mikono miwili, akahema mpaka pumzi ikamrudia.

"Watoto wangu walikuwa upande ule," akasema. "Miaka miwili. Yule mdogo alikuwa hanijui."

"Ungeniambia."

"Ningekwambia, ungenipa ile kiti ya mzee?"

Nilifikiri, kwa kuwa lilikuwa swali la haki na sikutaka kulijibu kwa hasira.

"Hapana," nikasema.

"Unaona."

"Lakini ningekuwa nimekukatalia mimi. Wewe ulimshika mzee mkono, ukala kwangu siku nne, halafu ukaniacha nihesabu makosa yangu. Nilidhani nilikufundisha vibaya. Nilidhani hivyo siku nne nzima."

Aliangalia sakafu ya saruji, kisha akaingiza mkono mfukoni, polepole, kama mtu asiye na hakika kama anaruhusiwa.

"Kumpeleka mzee kulikugharimu kiasi gani?" akauliza. "Niambie, ndugu. Niko na kazi sasa. Niambie hesabu."

Nilimwambia, kwa kuwa hesabu ninayo. Cherehani, dola sitini. Mabati ishirini na mawili, dola mbili kila bati, jumla arobaini na nne. Kiti cha ndege kilikuwa dola mia moja kamili. Nne zilizobaki tulinunua chumvi, na chumvi tuliila, kwa hiyo siihesabu. Kipande cha utumbo na miaka minne ya uji sikuvitia, kwa kuwa havina bei ninayoijua.

Aliinua uso, na nikaona mabega yake yakishuka, kama mtu aliyetajiwa bei ndogo kuliko aliyoiogopa kwa muda mrefu.

"Njo ile tu?" akauliza.

Nikamwambia ndiyo, alichonipotezea ni dola mia moja.